Una Maoni Makali, Insha Huna: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kuhusu Insha ya Hoja

Nafundisha insha jioni hapa Mombasa. Wengi wanaokuja ni wa kidato cha nne, wengine wa vyuo, na mara moja moja huja mtu mzima anayetaka kuliandikia gazeti baada ya kukasirishwa na jambo. Maswali yao ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa nipumzishe koo. Mfano nitakaoutumia ni mmoja karibu mwanzo hadi mwisho, nao ni muguka (mogoka, kwa matamshi ya wengi wetu), yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa ili kuchangamsha mwili, kwa sababu sijapata kukutana na mtu wa mji huu asiye na la kusema juu yake.

Nina maoni makali sana. Kwani hayo si insha tayari?

Bado. Kaa barazani baada ya Isha, kahawa ikimiminwa, uone maoni yanavyofanyiwa kazi. Mtu atasema, "Muguka umetumaliza." Mwenzake atamkatiza: "Umemmaliza nani?" Atajibu. Mwingine atadakia: "Na marehemu babu yako aliyekula miraa mpaka uzeeni?" Atajibu tena, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. Kufikia kikombe cha tatu yale maoni yamebanwa pande zote. Yamepungua ukubwa, na yamepata sababu ambazo hayakuwa nazo.

Insha haina wa kukukatiza. Msomaji akishuku hapigi kelele, anaiweka karatasi chini basi. Kwa hiyo wale wa barazani inabidi uwabebe wewe mwenyewe kichwani, uwaulize maswali yao kwa niaba yao, na uyajibu kabla hawajafungua kinywa. Karibu kila nitakalosema hapa chini linatokana na hilo.

Wala si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita (ndiyo Mombasa yetu hii), mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akitupiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hii miwili ilipokuwa haielewani. Huwezi kumjibu mtu kwa beti bila kwanza kumsikiliza vizuri alichosema.

Nitajuaje kama mada yangu inafaa kubishaniwa?

Tafuta mtu mmoja mwenye akili zake timamu anayeipinga. Ukimkosa, huna mada. "Dawa za kulevya ni hatari" haina mpinzani. "Magari ya abiria yaendeshwe kwa uangalifu" haina mpinzani. Ukiandika juu ya hayo utaishia kuhutubia.

Kauli kuu niiandike vipi?

Mwanafunzi huanza na "Muguka ni mbaya kwa vijana." Hapo hajasema nini kifanywe wala nani akifanye. Nikimbana atasema, "Upigwe marufuku." Na nani? Kuuingiza, kuuza au kuula? Mtoto wa miaka 13 na mzee wa miaka 60 wawekwe kapu moja? Na miraa je, iachwe? Tukibanana hivi nusu saa hutokea kitu kama hiki: "Kaunti ya Mombasa iwe na uwezo wa kupanga saa na mahali pa kuuza muguka, hasa karibu na shule, kwa sababu kulinda afya ya wakazi ni kazi yake kikatiba, ingawa kuzuia kabisa magari yanayouleta ni hatua iliyopita kiasi."

Angalia maneno mawili humo: *kwa sababu* na *ingawa*. La kwanza linaonyesha unasimamia nini, la pili linaonyesha umesikia wengine wanasema nini. Wapo wanaonung'unika kwamba kauli imekuwa ndogo. Ni kweli imekuwa ndogo, na ndiyo maana kurasa mbili zinaitosha. Ile kubwa ya "muguka umetumaliza" inataka kitabu kizima, na hata huko sidhani kama ingethibitika.

Kama wewe unataka marufuku kamili, itetee. Sikulazimishi msimamo wangu. Ninachokulazimisha ni kusema marufuku ya nini, ya nani na kwa uwezo gani.

Ushahidi nitautoa wapi?

Anza na maandishi rasmi, ambayo wengi huyaruka wakidhani ni ya mawakili. Chukua Katiba ya Kenya ya 2010, fungua Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi zilipogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Upande wa kaunti utakuta afya, kilimo, na jambo ambalo wanafunzi wangu hushtuka kuliona: udhibiti wa dawa za kulevya. Upande wa serikali kuu utakuta sera ya kilimo.

Kwa kusoma kurasa hizo chache umeshaushika mgogoro wa Mei 2024 kwenye shina lake. Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alitoa amri muguka usiingizwe wala kuuzwa Mombasa, na Kilifi ikafuata. Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, ambako muguka hulimwa, akasema amri hizo hazina nguvu kwa sababu zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu kule Embu nayo ikazisimamisha kwa muda. Mmoja anashika afya na dawa za kulevya, mwingine anashika kilimo, na kila mmoja ana mstari wa kuonyesha. Mwanafunzi aliyeyajua haya hawezi kuandika insha ya matusi hata akitaka, maana ana mambo ya kusema.

Sheria, kanuni na hukumu zimo kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Yaliyosemwa bungeni yamo kwenye Hansard. Hesabu za watu zimo kwenye ripoti za sensa. Magazeti yatumie kujua nini kilitokea na lini, lakini gazeti likisema "utafiti umeonyesha", utafute huo utafiti wenyewe usome umepima nini hasa.

Halafu kuna sayansi ya kitu chenyewe. Muguka na miraa ni mmea wa jamii moja, *Catha edulis*. Kinachochangamsha ni kathinoni, nayo hupungua nguvu haraka majani yakishakatwa. Ndiyo maana magari yanayouleta kutoka Embu hukimbia kana kwamba yamebeba mgonjwa. Jambo dogo kama hilo, likiwekwa mahali pake, humwonyesha msomaji kwamba unakijua unachokisema.

Je, ninaweza kutumia niliyoyaona kwa macho yangu?

Ndiyo, tena napenda sana, mradi umeona kwa utaratibu. "Vibanda vimejaa kila mahali" si ushahidi. Msichana mmoja niliyemfundisha aliamua kutembea kwa miguu kutoka lango la shule yake mpaka stendi, siku tatu mfululizo, baada ya masomo. Alihesabu vibanda vya muguka njiani, akaandika tarehe, saa na njia aliyopita, akaongeza kwamba siku ya tatu ilinyesha na huenda wengine hawakufungua. Sentensi hiyo ya mvua ndiyo iliyonifanya nimwamini.

Alichokiona kinathibitisha mtaa wake tu. Hakithibitishi Kisauni, Likoni wala Changamwe, naye hakudai hivyo.

Takwimu nyingi si ndizo zinazoipa insha uzito?

Takwimu inayojibu swali, ndiyo. Ile ya pambo inaongeza kilo tu. Nimesoma insha zisizohesabika zinazoanza, "Kaunti ya Mombasa, yenye watu 1,208,333 kwa mujibu wa sensa ya 2019…" Tarakimu ni sahihi. Lakini inahusiana vipi na muguka? Mwandishi aliipata akaona haya kuiacha.

Na kuna tarakimu za kubuni, ambazo mimi mwenyewe nimewahi kuzitumia. Nikiwa kidato cha tatu niliandika insha nikidai usalama wa feri unapuuzwa. Nikataja ajali ya Mtongwe, nikaandika kwamba "maelfu waliangamia". Mwalimu hakunichapa wala hakunifokea. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Uliwahesabu?" Waliokufa Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 walikuwa 272, kwenye feri iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi. Nilipoiweka 272 mahali pa "maelfu" ilinitisha zaidi, kwa sababu watu 272 unaweza kuwafikiria wakiwa wamepanga foleni asubuhi, na "maelfu" ni neno tu.

Methali ni ushahidi?

Hapana. "Lisemwalo lipo" haijawahi kuthibitisha chochote isipokuwa kwamba watu wanasema. Methali itumie kunogesha hoja iliyokwisha kusimama.

Na aya za Kurani au Biblia?

Inategemea unamwandikia nani. Kama wasomaji wako wote wanaikubali aya ile, ina nguvu, na bado utahitaji kuonyesha inahusu jambo lako hasa na si jirani yake. Kama ni insha ya shule au ya gazeti, atakayeisoma huenda ni wa dini nyingine, au ni wa dini yako lakini ana tafsiri tofauti. Weka sababu ambayo wote wawili wanaweza kuipima.

Nina ushahidi tele lakini mwalimu ameandika "hujathibitisha". Amekosea?

Pengine hakukosea. Hapa ndipo insha nyingi zinapozama, na waandishi wake hawajui zimezama wapi.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kitu cha tatu, kile kinachokuruhusu kutoka kimoja kwenda kingine. Mimi huita kiungo. Aghalabu hakiandikwi, kwa sababu mwandishi anakiona ni dhahiri. Tazama:

Ushahidi: Katiba inazipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Dai: basi Kaunti ya Mombasa inaweza kupiga marufuku muguka.

Inaonekana imekaza, sivyo? Sasa mlete yule mbishi wa barazani. Atauliza jambo moja tu: "Nani kasema muguka ni dawa ya kulevya?" Hicho ndicho kiungo, na hukukiandika. Sheria ya taifa inauhesabu ni zao la kilimo. Kathinoni iliyomo ndani yake, ikitengwa peke yake, inadhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Mmea wenyewe haumo kwenye orodha za mkataba huo. Kwa hiyo kazi yote ya insha yako iko pale kwenye kiungo, nawe umetumia kurasa mbili kuthibitisha kile ambacho hakuna aliyekikataa, yaani kwamba Katiba inasema hivyo.

Kiungo kingine kinachovunjika kila mwaka: "Vijana wanaokula muguka hawana kazi, kwa hiyo muguka huwakosesha vijana kazi." Kipi kilitangulia? Kijana aliyekaa maskani, pale vijana wanapokutana mtaani, tangu asubuhi kwa kukosa kibarua huenda ameanza kutafuna kwa sababu hana pa kwenda. Inawezekana yote mawili ni kweli na yanazungushana. Lakini ukitaka kusema muguka ndio ulioanza, lazima uonyeshe.

Jizoeze hivi: baada ya kila ushahidi, andika sentensi inayoanza na "Hili linaonyesha kwamba… kwa kuwa…" Usipoweza kuimaliza, ama ushahidi si wake, ama dai limeuzidi.

Nikiutaja upande wa pili si nitakuwa nimewapa silaha?

Silaha wanazo tayari. Swali ni kama utaonekana hukuzijua.

Kuna namna mbaya ya kutaja upande wa pili, nayo ni ya kawaida: "Wapo wanaodai muguka una faida, lakini hao wanajali pesa tu." Huyo mpinzani umemchonga kwa boga ili umkate kirahisi. Namna nzuri ni kuandika hoja yake mpaka mkulima wa Mbeere kule Embu, akiisoma, aitikie kwa kichwa na kusema, "Naam, ndivyo tunavyosema." Anasema nini? Kwamba kwao mvua ni haba na mmea huu huvumilia ukame. Kwamba ndio unaolipa karo. Kwamba sheria ya nchi inautambua, na kaunti nyingine ikiufungia soko kwa amri moja inamwadhibu mtu ambaye hakuvunja sheria yoyote. Mimi si mkulima wa Embu, nina ndugu walioharibikiwa na kutafuna, na bado hoja hiyo ya mwisho inanisumbua.

Ukishaiandika hivyo, una la kufanya. Unaweza kuikubali sehemu yake na kupunguza dai lako. Ile "ingawa" kwenye kauli yetu kuu ilizaliwa hivyo. Unaweza kuonyesha kwamba ni kweli lakini haigusi dai lako: karo ya Embu ni jambo zito, ila haijibu kwa nini kibanda kiwe mkabala na lango la shule ya msingi Mombasa. Au unaweza kuipinga moja kwa moja, ukiwa na ushahidi. Usichoweza ni kuitaja halafu ukapita kama mtu aliyemwona mdai wake.

Na usikate ushahidi nusu. Mwanafunzi mmoja aliniletea hoja aliyodhani haina jibu: Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, kwa hiyo na sisi tufuate. Nikamwambia arudi akasome zaidi. Akakuta kwamba baraza la ushauri la serikali hiyo hiyo, mwaka 2013, lilikuwa limeshauri miraa isipigwe marufuku kwa kuona ushahidi wa madhara hautoshi. Serikali ikaamua vingine. Alitaka kuificha nusu hiyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, naelewa. Lakini msomaji akiigundua mwenyewe, hataamini tena hata yale uliyosema kweli. Tukaiweka yote, naye akaeleza kwa nini kwa maoni yake hali ya Mombasa si ile ya London. Ikawa aya bora kuliko zote.

Hasira zangu niziweke wapi?

Kwenye rasimu ya kwanza, zote. Ya pili ifute "ni aibu kubwa", "kila mtu anajua", "ni wazi kama mchana" na alama za mshangao. Iache picha moja inayouma kwa sababu ni ya kweli: kwa mfano mama anayemtafuta mwanawe maskani saa tano usiku. Moja inatosha.

Hoja yenye nguvu niitangulize au niiweke mwisho?

Mimi huanza na ya pili kwa nguvu, namaliza na ya kwanza, dhaifu naitupa. Wapo walimu wanaosema kinyume na hawajakosea. Muhimu kila aya ibebe hoja moja, na sentensi yake ya kwanza iseme hoja ni ipi.

Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, nitapata wapi muda wa yote haya?

Hutaupata, kwa hiyo uwe umezoea. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni saa moja na dakika 45, insha mbili, alama 20 kila moja, na kila insha isipungue maneno 400. Tumia dakika 10 za mwanzo za insha ya hoja kuandika kauli kuu, hoja zako, na ile ya mpinzani. Soma swali mara mbili pia: "jadili" inataka pande zote mbili kabla hujaegemea, "tetea" imeshakuchagulia upande. Sheria na tarehe usizozikumbuka vizuri usizibuni. Sababu iliyoelezwa vizuri hupata alama bila tarakimu.

Niandike Kiswahili chetu cha hapa au sanifu?

Sanifu kwenye mtihani. Kwenye gazeti, neno la Kimvita likisema jambo kuliko la kamusi, liache. "Maskani" ya Mombasa siwezi kuitafsiri.

Akili unde (AI) iniandikie?

Itakuandikia maoni ya watu wote, yaani si ya mtu yeyote, na mara nyingine itakupa kesi na tafiti ambazo hazipo. Iulize ingekupinga vipi, kisha ukahakikishe kila ilichosema.

Nikibadilisha mawazo nikiwa katikati ya kuandika?

Furahi, kisha rudi juu ubadilishe kauli kuu. Insha inayoanza ikitaka marufuku na kumalizia ikitaka leseni inaonyesha mwandishi alijifunza njiani akasahau kumwambia msomaji.

Nani anisomee kabla sijaiwasilisha?

Asiwe rafiki anayekubaliana nawe. Zangu nampelekea binamu yangu, ambaye hutafuna kila siku na hana subira na mtu anayemhubiria. Mara ya mwisho alinirudishia karatasi ina doa la kahawa na swali moja pembeni: "Nani kakwambia?" Nilikuwa nimeandika kwamba watafunaji wengi ni wavivu. Yeye huamka saa 10 alfajiri kwenda kupakua samaki. Nilitafuta cha kumjibu siku mbili, kisha nikaifuta ile sentensi.